Usinyooshe Mkono Bure

Kwa sheria za Tanzania, mwenye kauli ya mwisho kijijini si mwenyekiti wala mtendaji. Ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi kabla mkutano huo haujaridhia. Haya ni madaraka makubwa, ndugu zangu, na ni yetu.

Tunayatumiaje? Tunaitwa saa nne, tunaanza saa saba. Taarifa ya mapato na matumizi inasomwa mbiombio. Wasemaji ni walewale watano. Kina mama waliokaa nyuma na watoto wananong'onezana mambo mazito kuliko yote yaliyosemwa mbele. Halafu, kwenye "mengineyo", nusu ya watu wameshaondoka, linaibuka ombi la mwekezaji anayetaka ekari 200. "Wanaoafiki wanyooshe mikono!" Jirani kanyoosha, nawe unanyoosha. Limepita.

Nakataa kabisa kwamba wengi hawawezi kuamua vizuri. Mfugaji anajua njia ya ng'ombe kwenda mtoni inakatiza wapi kwenye ekari hizo. Mama anajua kisima kisichokauka kiangazi. Kijana wa bodaboda anajua panapojaa maji masika. Hakuna ofisi yenye maarifa hayo yote, ila hayatoki kwa mtu anayeogopa kusimama mbele ya umati.

Basi tudai utaratibu. Ajenda ibandikwe wiki nzima kabla, na ombi la ardhi litangulie, likiwa na ramani. Lijadiliwe kwanza vitongojini, watu wanapofahamiana. Siku ya mkutano tukae makundi ya watu kumi kumi kwa nusu saa, wanawake wakitaka wakae peke yao, na kila kundi lilete hoja za kukubali na za kukataa. Anayepinga asizomewe! Huenda ndiye pekee aliyepita kwenye mipaka hiyo kwa miguu. Jambo likiwa zito, tupige kura ya siri, kwa karatasi na sanduku. Tusitawanyike kabla muhtasari haujasomwa, na hesabu ya waliokubali na waliokataa imo.

Mkutano ujao, wahi, keti mbele. Kabla mkono wa kwanza haujanyooshwa, simama uombe kuona ramani.