Amana ya Ufunguo wa Pili

Watu wa pwani tangu kale huita amana kitu alichokiweka mtu kwa mwenziwe, nacho hubaki mali ya mwenyewe hata kikikaa miaka kumi katika kasha la mtunzaji. Mtunzaji amepewa kazi ya kulinda, hakupewa milki. Mwenyewe akikidai hurudishiwa, na asiporudishiwa jambo lile si amana tena, ni dhuluma. Kipimo hiki cha zamani chafaa kupimia jambo jipya: programu za simu zitoazo tarakimu za kuthibitisha ya kuwa aingiaye katika barua zake, au katika akiba yake ya fedha, ndiye mwenyewe hasa.

Neno la siri peke yake ni mlango wenye komeo moja. Komeo la pili watu wengi huletewa kwa ujumbe wa simu, na hilo ni bora kuliko kukosa kabisa. Lakini mwizi mwenye ulimi laini humhadaa wakala, nambari ya mtu ikahamishiwa laini nyingine, na tangu saa ile ujumbe humfikia mwizi. Programu haina udhaifu huo. Kwa kanuni iliyotangazwa mwaka 2011, simu na mtambo wa mbali huwa na siri moja iliyotolewa mara moja tu. Kila upande huichanganya siri hiyo na saa, na kila sekunde 30 hutokea tarakimu 6 zilizo sawa pande zote mbili. Simu huweza kazi hiyo hata porini pasipo mtandao, maadamu saa yake ni sahihi. Sifa isipite kiasi, hata hivyo: aliyehadaiwa akaziandika tarakimu zake katika mlango bandia amezitoa kwa mkono wake.

Kwa kuwa kanuni ni moja, programu karibu zote hutoa tarakimu zile zile. Basi uchaguzi si wa werevu wa hesabu. Ni swali la amana: siri ikae kwa nani?

Google Authenticator, iliyotoka mwaka 2010, kwa miaka mingi iliiweka siri ndani ya simu tu. Mchuuzi ambaye simu yake imetumbukia baharini baina ya Unguja na Dar es Salaam hakuibiwa na mtu, lakini amefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe; barua, oda na majina ya wateja vimo ndani, naye abisha hodi kama mgeni. Komeo halimjui mwenye nyumba, lajua ufunguo. Mwezi Aprili 2023 programu hiyo ilianza kuweka nakala kwa kampuni, na wachunguzi wakaonyesha upesi ya kuwa nakala zile hazikufungwa kwa namna ya kumzuia mtunzaji mwenyewe kuzisoma. Aliyeogopa bahari sasa akawa na sababu ya kumwogopa mtunzaji.

Authy ilitunza nakala zilizofungwa kwa neno la siri la mwenyewe, na hilo ni jema. Lakini ilipoondoa programu yake ya kompyuta mwezi Machi 2024, waliotaka kuhama kabisa hawakupewa njia ya kuzichukua siri zao pamoja. Iliwapasa kwenda mlango kwa mlango kuomba siri mpya. Ulinzi ulikuwapo, marejesho hayakuwapo. Aegis ya simu za Android humpa mtu faili lililofungwa alichukue apendako, na maandishi ya utengenezaji wake yamewekwa wazi. Ni kweli ya kuwa wachache wayasomao. Hata hivyo mlinzi ajuaye ya kuwa jirani aweza kuchungulia hulinda kwa adabu zaidi.

Walakini mzee asiyeweza kukumbuka kufanya nakala hatendewi haki akipewa uhuru huo wote. Kwake mtunzaji wa mbali, pamoja na kasoro zake, ni salama kuliko simu moja mfukoni. Ama tarakimu za dharura ambazo huduma nyingi hutoa siku ya kwanza, hizo hazihitaji programu yoyote. Huandikwa karatasini, zikawekwa pamoja na hati ya shamba.