Alkoholi mikononi mwa muuguzi na hukumu yake katika fikihi

Kitakasa mikono cha hospitalini ni alkoholi kwa sehemu kubwa. Katika michanganyiko miwili inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), mmoja una ethanoli asilimia 80, wa pili isopropanoli asilimia 75. Kinachobaki ni maji hasa, pamoja na gliseroli ya kulinda ngozi. Muuguzi Mwislamu hukitumia kila anapotoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine, na swali humjia: kilichoharamishwa kunywewa chaweza kupakwa mwilini, kisha mtu akasali?

Humo mna maswali mawili, nayo huchanganywa mno. Uharamu ni hukumu ya tendo, unajisi ni hukumu ya kitu. Mmea wenye sumu ni haramu kuliwa, lakini aliyeushika hakunajisika. Aya ya 90 ya Suratul Maida imeiita khamri uchafu, na jamhuri (yaani wengi) ya wanazuoni wa madhehebu manne, ikiwemo ya Shafii inayofuatwa zaidi pwani ya Afrika Mashariki, wameuelewa uchafu huo kuwa najisi ya kuoshwa. Wachache walipinga, nao si watu wadogo: Rabia, mwalimu wa Imamu Malik, al-Layth bin Saad wa Misri, na al-Muzani, mwanafunzi wa Shafii mwenyewe. Hoja za upande huu ni nzito. Aya hiyohiyo imetaja kamari na mishale ya kupigia ramli, na hakuna anayeosha mkono kwa kugusa mshale. Tena khamri ilipoharamishwa, watu wa Madina waliimwaga njiani, wanapopita watu.

Hata anayefuata kauli ya jamhuri bado ana la kuuliza: je, hii ni khamri? Isopropanoli haichachushwi kwa zabibu wala tende. Hutengenezwa viwandani, na anayeinywa hudhurika. Kwa Imamu Abu Hanifa, khamri hasa ni ile ya maji ya zabibu, kwa hiyo hata ethanoli isiyotokana na zabibu haiingii humo moja kwa moja.

Wengi hukimbilia hoja ya dharura, lakini peke yake ni dhaifu. Ruhusa ya dharura huenda na kadiri ya dharura yenyewe; maji na sabuni vikiwepo, dharura itaonekana imeondoka. Jibu imara zaidi limo katika asili ya kitu na matumizi yake. Baraza la Fikihi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, lilipokutana Makka Januari 2002, liliruhusu alkoholi itumiwe nje ya mwili kusafisha majeraha na kuua vijidudu.

Manufaa kwa mgonjwa nayo ni ya kweli. Kupaka kitakasa huchukua sekunde 20 hadi 30, kunawa kwa sabuni 40 hadi 60, na alkoholi huua vijidudu vingi zaidi kuliko sabuni ya kawaida, tena palepale kitandani. Haitoshi kila mahali: haiui spora za bakteria Clostridioides difficile, na mikono yenye damu au uchafu unaoonekana lazima ioshwe kwa maji.

Muuguzi anayebaki na shaka anaweza kunawa kabla ya sala, na mgonjwa hapotezi kitu. Akikataa kitakasa wodini, anayebeba hatari ya shaka hiyo ni mgonjwa, ambaye hakuulizwa.