Damu ya Ukoo Si Laana ya Ukoo

Kuna swali nalisikia sana kwenye ushirika wa nyumbani hapa Ngoingwa. Mtoto akipatikana na selimundu, watu huuliza: nani alifungua mlango? Kidole huelekezwa kwa mama, kisha kwa madhabahu ya shosho yake.

Tuangalie damu yenyewe. Kila mtu hupokea jeni mbili za rangi nyekundu ya damu: moja ya baba, moja ya mama. Jeni ya selimundu ina badiliko dogo, kama herufi moja iliyobadilika katika barua ndefu. Mwenye moja tu kwa kawaida haugui, wala hajui anayo. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupata zote mbili. Hapo chembe za damu hupinda kama mundu, huziba mishipa, na mtoto hulia kwa maumivu. Basi tusidanganyane: mama hakuileta peke yake. Nusu ni ya baba.

Na mbona jeni hii imedumu? Mwaka wa 1954 Anthony Allison, daktari aliyelelewa hapa Kenya, alionyesha kwamba ni nyingi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, mahali malaria ni kali, na ni chache nyanda za juu. Mwenye jeni moja hukingwa na malaria kali. Kile tunachokemea kama laana kimeokoa watoto wengi.

Mtu atasema, je, Kutoka 20 haitaji kizazi cha tatu na cha nne? Inataja, lakini inahusu wanaomchukia Mungu. Jeni haiulizi nani ameokoka. Katika Ezekieli 18 Mungu anakataa mwana abebeshwe uovu wa baba, na katika Yohana 9 Yesu hakumlaumu kipofu wala wazazi wake. Sisi tumepata wapi ruhusa?

Wachumba, pimeni damu mapema, hata kabla ya ruracio, mjue mnachoamua. Wazazi, tuombe, na dawa ziendelee. Maombi hayashindani na kliniki. Na mama huyo akija mbele Jumapili, tumwekee mikono bila kumhoji. Anabeba mtoto mgonjwa tayari. Tusimwongezee mzigo ambao Mungu hakumpa.