Rangi ya Kweli ya Kuku wa Kishungi

Wafugaji wa kuku wa maonyesho husema kwamba rangi fulani ni ya kweli pale jogoo na tetea wa rangi hiyo wanapozaa vifaranga wa rangi hiyo hiyo, wala si nyingine, kizazi baada ya kizazi. Ni usemi wa ufundi wao, lakini mtu akiutafakari ataona umebeba swali zito kuliko kuku mwenyewe. Je, kitu huwa cha kweli kwa sababu ya jinsi kinavyoonekana leo, au kwa sababu ya kile kitakachorithiwa kutoka kwacho kesho? Na yule atafutaye ukweli wa namna hiyo katika mwili wa kiumbe mwingine, ni mpaka gani asiostahili kuuvuka?

Nakusudia kulijadili swali hili kwa kumtazama kuku mmoja wa Ulaya, yule mwenye kishungi kikubwa cha manyoya kichwani, ambaye Waingereza humwita kuku wa Poland ingawa nchi iliyomlea zaidi ni Uholanzi. Kuku wenye vishungi si wageni kwetu. Wamo miongoni mwa kuku wa kienyeji wa Tanzania, wakichakura pamoja na wenzao wenye shingo tupu na wale wasio na mkia, wala hakuna aliyewatenga. Tofauti ni kwamba kuku wetu alichaguliwa zaidi kwa kutaga, kwa kuatamia na kulea, na kwa kustahimili maradhi na kiangazi. Yule wa Ulaya alichaguliwa kwa jicho.

Kuchaguliwa huko ni kwa siku nyingi. Mwaka 1600 mwanachuoni wa Italia, Ulisse Aldrovandi, alichapisha sehemu ya kitabu chake kikubwa cha ndege inayohusu kuku, na humo imo picha ya kuku wa Padova mwenye kishungi. Baadaye mchoraji wa Uholanzi, Melchior d'Hondecoeter (1636–1695), aliwaweka kuku wa namna hiyo katika picha zake za bustani, pamoja na tausi na mabata. Walikuwa pambo. Mwaka 1865 Waingereza walichapisha kitabu cha vipimo vya kuku wa maonyesho, na Wamarekani wakachapisha chao mwaka 1874. Tangu hapo pambo likawa na sheria, na sheria ikawa na waamuzi.

Aliyependwa kuliko wote ni kuku mweusi wa mwili mwenye kishungi cheupe. Watu wa maonyesho wangependa kumwona mweusi tititi kuanzia shingoni hadi mkiani, na juu ya kichwa awe na tufe la manyoya meupe pe. Lakini maumbile hayakukubali. Mbele ya kishungi, juu ya mdomo, huota manyoya machache meusi, nayo huota hata kwa kuku wa nasaba bora. Ndipo vidole vya baadhi ya wafugaji vilipoingia kazini. Usiku wa kuamkia maonyesho, unyoya mweusi huu hunyofolewa, na ule nao hunyofolewa, hata kishungi kikawa cheupe kama pamba.

Wapo wanaotetea tendo hilo. Husema: mbona mwanadamu hunyoa ndevu na kusuka nywele, na hakuna amwitaye mwongo? Hoja hii ina utamu wake, lakini haisimami. Anyoaye ndevu hasemi kwamba hana ndevu. Yule anyofoaye unyoya humleta kuku wake mbele ya watu kama ushahidi wa kazi ya kuzalisha, naye ameughushi ushahidi huo. Isitoshe, anayedhurika zaidi si mwamuzi, ambaye aghalabu ana uzoefu na anaijua hila hiyo. Ni kijana aliyeanza ufugaji juzi, ambaye atanunua mayai ya kuku huyo kwa bei ya ushindi, ayaatamishe, kisha awatazame vifaranga wakikua na manyoya meusi yale yale mbele ya vishungi vyao. Wahenga walisema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Wala hafunzwi rangi.

Ziko hila za taratibu zaidi, na hizi ni ngumu kuzihukumu. Manyoya meupe yakipigwa na jua kwa muda huingia umanjano, kwa hiyo kuku mweupe wa maonyesho hufugwa kivulini. Je, hiyo nayo ni hila? Mimi naona si uongo, ingawa ni jambo la ajabu kwamba rangi iitwayo ya kweli haiwezi kuachwa mchana nje ya nyumba. Tena katika baadhi ya aina za kuku, jogoo mwenye rangi itakiwayo na tetea mwenye rangi itakiwayo hawatoki katika ukoo mmoja. Mfugaji huwa na ukoo wa kuzalisha majogoo na ukoo mwingine wa kuzalisha matetea. Wale wawili wanaoonyeshwa kama mfano mkamilifu wa aina yao wakioanishwa, aghalabu watoto wao hawatafanana na yeyote kati yao. Hapo hakuna unyoya ulionyofolewa. Na bado mtazamaji anaambiwa kwamba hawa ni mume na mke.

Lakini jambo lililo na mafunzo makubwa kuliko yote ni lile la kuku wa buluu. Wafugaji huiita buluu, ingawa kwa macho yetu ni rangi ya wingu la mvua. Oanisha jogoo wa buluu na tetea wa buluu: katika vifaranga wanne, kwa wastani, wawili watakuwa wa buluu, mmoja mweusi, na mmoja mweupe mwenye madoa. Oanisha tena wale wa buluu kwa muda wowote upendao, hesabu itabaki ile ile. Wafugaji wa zamani waliwaona weusi na wenye madoa kuwa takataka, dalili ya damu iliyochafuka, wakawaondoa kundini kwa bidii wakiamini kwamba ipo siku usafi utapatikana. Mwanzoni mwa karne ya 20, wataalamu wa Cambridge, William Bateson na R. C. Punnett, walilieleza jambo hilo katika kuku wa Andalusia kwa kanuni za urithi zilizogunduliwa na Mendel. Buluu si rangi inayosimama peke yake. Ni rangi ya kuku aliyerithi chembe moja ya weusi kutoka kwa mzazi mmoja na chembe moja ya kuufifisha weusi huo kutoka kwa mwingine. Naye apendaye vifaranga wa buluu watupu amwoanishe mweusi na mwenye madoa.

Mwalimu awape wanafunzi muda wa kulitafakari hilo. Wale waliochinjwa kwa jina la usafi ndio waliokuwa wazazi wa kile kilichotafutwa. Kwa kipimo cha wafugaji, buluu haiwezi kamwe kuwa rangi ya kweli, kwani haizai yenyewe kwa yenyewe. Lakini ni nani awezaye kusema kwamba kuku yule anadanganya? Kuku yeyote wa kishungi aliye wa buluu yumo chini ya kanuni hiyo hiyo. Nami huikumbuka ninapowasikia watu wakitaka Kiswahili kisafishwe kwa kunyofoa maneno kama kitabu, lililotoka Uarabuni, na meza, lililotoka Ureno, kana kwamba chini yake kuna lugha nyingine nyeupe pe inayongoja kufunuliwa.

Charles Darwin alimwoanisha jogoo mweusi wa Kihispania na kuku mweupe wa manyoya ya hariri. Miongoni mwa watoto alitokea jogoo mwenye wekundu wa kuku mwitu wa Asia, babu wa mbali wa kuku wote wa nyumbani. Alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1868, na katika kitabu hicho hicho aliandika habari za fuvu la kuku wa kishungi. Hapo nafika penye ugumu. Kishungi kikubwa hakikai juu ya kichwa cha kawaida. Chini yake mfupa wa fuvu umevimba kama kitunguu, na mara nyingi una matundu yasiyozibwa na mfupa, hasa kwa kifaranga, hata dono moja la mwenzake laweza kumuua. Manyoya yenyewe humfunika macho. Huenda huku na huko kwa wasiwasi, hushtuka akiguswa ubavuni, na mwewe akishuka yeye hamwoni.

Kuhusu unyoya mmoja mweusi, mfugaji anaweza kutubu na kuuacha uote. Kuhusu macho, sheria za maonyesho ndizo zinazomshinda, kwa kuwa kishungi kikizidi kujaa ndivyo sifa inavyozidi. Wafugaji wenye huruma hukipunguza kwa mkasi maonyesho yakiisha, au hukifunga kwa uzi ili ndege apate kuona chakula chake. Aliyepunguzwa hafai tena kwa mashindano hadi anyonyoke na kuota manyoya mapya. Katika miezi hiyo hutembea uani kama kuku wengine, akiinua kichwa kila kivuli kipitapo juu yake.