Aliyekula, Ana Haki ya Kulalamika?

Mtu aliyepokea mia mbili kutoka kwa mgombea, ana haki ya kwenda kumlalamikia mgombea huyo huyo? Uliza swali hili kwenye baraza la kahawa Ukunda au steji ya boda Msambweni na jibu litakuja haraka: hana. Ulikula, sasa nyamaza. Ukimsema aliyekupa, wewe ndiwe mbaya, tena huna shukrani.

Jibu hilo linanisumbua, kwa sababu sheria yetu nayo inasema karibu vile vile.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 88, inaipa IEBC kazi ya kudhibiti pesa za kampeni. Ikaja Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ya 2013. Kwenye karatasi ni sheria nzuri. Mfadhili mmoja hatakiwi kutoa zaidi ya asilimia 20 ya michango yote. Harambee inatakiwa iandikwe ilifanyika wapi, lini, nani aliiandaa na zilipatikana ngapi. Lakini uchaguzi wa 2017 ulipofika, utekelezaji wake ukasitishwa. Agosti 2021 IEBC ilitangaza viwango kwenye Gazeti la Serikali, mgombea urais akiwekewa kikomo cha shilingi bilioni 4.4. Wabunge wakazikataa kanuni, na 2022 watu wakafanya kampeni bila kikomo. Yaani waliotakiwa kufungwa breki ndio walioulizwa kama wanataka breki.

Ila kwangu mimi tatizo kubwa liko kwenye malalamiko. Sheria hiyo ya 2013 inasema taarifa za michango zinazopelekwa IEBC ni siri. Hazitolewi isipokuwa pakiwa na malalamiko, uchunguzi au kesi mahakamani. Sasa fikiria: ili ulalamike unahitaji kujua nani alitoa nini, na ili ujue nani alitoa nini, lazima kwanza pawe na malalamiko. Ni kama kuambiwa ufunguo uko ndani ya nyumba iliyofungwa.

Basi anabaki shahidi mmoja tu, yule aliyekuwepo na kupewa mkononi. Naye Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamsubiri. Mpiga kura anayepokea hongo ana kosa kama anayeitoa, na adhabu inaweza kufika faini ya shilingi milioni 2, kifungo cha miaka sita, au vyote viwili. Aliyeona kila kitu ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kunyamaza. Na wa milioni zake? Jina lake limehifadhiwa kwa siri.

Kuna watakaoniambia: wewe unaiita hongo, sisi tunaita ukarimu. Na huku kwetu hoja hiyo ina mizizi. Mkono mtupu haulambwi. Mtu akija matangani anatoa kitu. Ramadhani ikiingia, mwenye nacho anapeleka tende na mchele kwa jirani. Mwanasiasa akifanya hivyo, kosa liko wapi? Tena kwa wengi, huo ndio msimu pekee pesa zinashuka kutoka juu. Ukiuziba mfereji huo, aliyekuwa analala njaa bado atalala njaa.

Tanzania waliwahi kuijaribu hoja hiyo sawasawa. Mwaka 2000 sheria yao ya uchaguzi ilirekebishwa ili kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa kimila wa mgombea kwa wapiga kura. Mashirika ya haki za binadamu yakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kwa kukiuka katiba. Mgombea maskini na mgombea tajiri hawawezi kuwa sawa pale ambapo ukarimu wa tajiri umehalalishwa.

Mimi naongeza hili: takrima ya kweli haina kalenda. Jirani anayekuletea tende atakuletea na mwaka usio na uchaguzi, na hakuulizi kadi yako ya kura. Ukarimu unaokuja kila baada ya miaka mitano una jina jingine.

Wengine husema, kula zake kisha mpigie umpendaye. Kura ni siri, hakuna anayekuona. Ni ujanja mzuri, lakini unachelewa. Pesa zinafanya kazi kabla hujafika kwenye debe. Zinaamua nani atawania. Mvuvi wa Gazi au mwalimu wa Kinango mwenye akili na heshima zake atapiga hesabu ya mafuta, tisheti na spika, kisha atabaki nyumbani. Siku ya kura utachagua kati ya walioweza kulipa.

Na huku Kwale swali la nani analipa si dogo. Tuna ufuo wa Diani wenye ardhi ya bei ya kutisha. Tulikuwa na mgodi wa titanium hadi mwisho wa 2024, na maswali ya ardhi ile yatakuwa yanini bado yapo. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba kaunti yenye mali kama hii inafaa kujua anayempa kiongozi wake mamilioni ni nani, kabla ya kuhangaika na bi mkubwa aliyepewa pakiti ya unga.

Sasa turudi kwa aliyekula. Kanuni ya kwamba mwenye mikono michafu asilalamike ina maana katika ugomvi wa watu wawili. Tukiiba mbuzi pamoja, siwezi kwenda kwa chifu kudai mguu wangu. Lakini anayelalamikia pesa za kampeni hadai mgao wake. Anarudisha habari kwa wenyewe: jirani ambaye hakupewa, mwalimu aliyeshindwa kuwania, mtoto ambaye zahanati yake itakosa dawa kwa sababu mheshimiwa anarudisha gharama zake. Mkono wake ulipokea, ndiyo, lakini macho yake ni ya watu wote.

Najua hatari iliyopo. Mpinzani anaweza kuwatuma watu wapokee kisha wamlalamikie mwenzake. Kwa hiyo sisemi kila lalamiko liaminiwe. Nasema lisikilizwe, lipimwe kwa ushahidi, na anayesema uongo aadhibiwe kwa uongo wake, wala si kwa njaa yake.

Sheria inataka viwango vya matumizi vitangazwe angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi, na uchaguzi ni Agosti 2027. Kanuni zikiandikwa upya, tudai mambo matatu: orodha ya wafadhili wakubwa iwe wazi bila kusubiri lalamiko, aliyepokea kidogo na akajitokeza kusema alindwe, na malalamiko yapokelewe karibu na watu, kwa Kiswahili, bila kuhitaji wakili.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ana haki. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyeona, nadhani ana wajibu pia. Ila hatuwezi kumdai wajibu huo wakati mlango tuliomfungulia unaelekea jela.