Lugha Iliyozaliwa Utumwani na Neno Takatifu

Krioli ni lugha inayozaliwa pale watu wa lugha nyingi wanapolazimishwa kuishi pamoja, kisha watoto wao wakayageuza mazungumzo yale ya kuokoteza kuwa lugha mama. Krioli ya kisiwa cha Jamaika, ambayo wenyewe huiita Patwa, ilichipuka katika mashamba ya miwa, ambako Waafrika waliouzwa utumwani walichukua maneno mengi ya mabwana wao Waingereza. Kwa vizazi vingi imeitwa Kiingereza kibovu. Agano Jipya lilipotolewa kwa lugha hiyo mwaka 2012, baadhi ya Wakristo wa kisiwani walipinga, na swali la zamani likarudi: je, lugha iliyozaliwa katika unyonge inafaa kubeba neno la Mungu?

Jibu linaanzia kwenye sarufi, kwa maana kitu hakiitwi kibovu kabla ya kuchunguzwa. Katika Patwa, kitenzi hakibadiliki. Nyakati huonyeshwa na vijineno vinavyokaa kati ya mtenda na tendo. «Mi a ron» ni «ninakimbia», na «mi wi ron» ni «nitakimbia». Mpangilio ni ule ule wa Kiswahili: nafsi, wakati, tendo. «Im a tiicha» ni «yeye ni mwalimu», lakini «im de a yaad» ni «yuko nyumbani». Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa maana zote mbili. Patwa huzitenganisha, kama Kiswahili kinavyotenganisha «ni» na «yuko». Vivyo hivyo «yu» ni «wewe» na «unu» ni «ninyi», tofauti ambayo Kiingereza sanifu cha leo hakina. Neno «unu» lenyewe linafanana na la Kiigbo cha Nigeria. Lugha yenye kanuni kama hizi haijavunjika.

Swali hilo la lugha na neno la Mungu lina historia yake pia Ukambani, nchi ya Wakamba huko Kenya. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika huko mwaka 1849, na mwaka uliofuata Injili ya Marko kwa Kikamba ilichapishwa Tübingen, Ujerumani. Baadaye wamisionari wa African Inland Mission, waliofika Nzaui mwaka 1895, waliendeleza kazi ya kuhubiri na kutafsiri. Kikamba kina irabu saba, hivyo herufi ĩ na ũ ziliongezwa ili maneno yasichanganyike. Leo hakuna muumini wa Machakos, mji wa Ukambani, anayeona ajabu kusali kwa Kikamba. Lakini Sheng, lugha ya mseto ya vijana wa mjini humo, hupokewa kama Patwa ilivyopokewa: huitwa uharibifu, ingawa hufuata viambishi vya Kiswahili kwa utaratibu.

Wanaopinga wana hoja nzito: kitu kitakatifu hudai lugha ya heshima, iliyotengwa na kelele za sokoni. Waislamu hushikilia Kiarabu cha Kurani kwa sababu wanaamini maneno yenyewe yaliteremshwa; tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy ya mwaka 1969 inamsaidia msomaji kuelewa, wala haichukui nafasi ya asili. Ukristo ulishika njia nyingine. Yesu alizungumza Kiaramu, lakini Injili ziliandikwa kwa Kigiriki cha kawaida, kile cha barua na hati za biashara. Dini iliyokubali kutafsiriwa tangu mwanzo haina msingi wa kuikataa lugha kwa sababu ya ukoo wake.

Heshima, basi, hutokana na uangalifu wa msemaji na kuelewa kwa msikilizaji. Anayesema lugha ya mtu ni mbovu humhukumu mtu huyo kabla hajafungua kinywa. Na dini inayofundisha kuwa kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu haiwezi kuuonea aibu ulimi ambao mtu huyo alijifunzia kumwita mama yake.