Ukimya wa Mnunuzi

Soma Mithali 20:14, 15; Mambo ya Walawi 25:14; Mathayo 13:44.

Mafungu haya mawili ya Mithali yamekaa jirani, nasi tumezoea kuyasoma kila moja peke yake. La kwanza linamwonyesha mnunuzi akiiponda bidhaa mbele ya mwenye nayo, kisha akienda zake na kujisifu. La pili linataja dhahabu na marijani, na kuiweka juu yake midomo yenye maarifa. Tafsiri kadhaa za lugha nyingine husema yakuti nyekundu mahali pa marijani.

Yakuti tunayo nchini, Longido na pia Winza wilayani Mpwapwa, ambako maelfu ya wachimbaji wadogo walimiminika mwaka 2008. Ni aluminiamu na oksijeni tu. Chembe chache za kromiamu ndizo huipa wekundu. Lakini kati ya mawe mawili yenye ukubwa mmoja, moja laweza kununua mbuzi na lingine nyumba. Rangi, uangavu na nyufa za ndani huamua. Tena jiwe laweza kuwa limechomwa ili ling'ae, au nyufa zake zimejazwa kioo. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kutengeneza yakuti kwa moto, na jicho la kawaida haliitofautishi na ile ya ardhini. Hata wafalme walikosea: jiwe kubwa jekundu kwenye taji la Uingereza, lililoitwa yakuti kwa karne nyingi, ni spineli.

Basi thamani humhitaji anayejua. Hapo ndipo penye shida.

Mchimbaji analo jiwe, na nyumbani hakuna unga. Mnunuzi analo jicho, tochi na lenzi. Akisema, "Hili bovu," huku akijua ni zuri, Mithali imekwisha kumhukumu. Je, akinyamaza tu na kulipa alichoombwa? Wengine husema ujuzi ndio mtaji wake. Aliupata kwa miaka na gharama. Hoja hiyo ina uzito, wala tusiitupe haraka. Wengine humtaja yule aliyeificha hazina, akanunua shamba. Lakini Mwokozi alisifu furaha ya kuuza vyote. Hakuwa akifundisha biashara ya mashamba, kama vile hakusifu wizi alipomtaja wakili dhalimu.

Mimi naona hivi: ujuzi unastahili ujira, na mnunuzi apate faida yake. Lakini ikiwa mapatano yangevunjika mara tu mwenzangu ajuapo ninachokijua, basi nimenunua giza lake pamoja na jiwe. Walawi inamwonya anayeuza na anayenunua pia.

Kasulu na Kibondo hatuchimbi yakuti, na wengi wetu hatuvai vito. Tuna maharage na asali. Mnunuzi amepigiwa simu alfajiri. Bei ya Dar es Salaam anaijua. Mama mwenye gunia anajua tu kwamba karo inatakiwa Jumatatu. Anaambiwa ajaze lumbesa, anajaza. Na mnunuzi huyo, Sabato asubuhi, huenda anakaa nasi benchi moja, lesoni mkononi.

Mwalimu, liulize darasa: mama huyo akisema, "Ndugu yangu, huko mjini bei ikoje?" utamjibu nini? Na asipouliza?